Ng'ombe wa Kulwa na Uzi Ulio Ndani Yako

Kabula mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Tangu asubuhi nakuona unazunguka chumbani ukigusagusa vitu ambavyo hujawahi kuvijali, hata kikaango kilichokatika mpini. Kwa hiyo salamu naziruka. Saa hizi umekwenda Nyakato kuagana na Leticia, na mimi nimekaa mlangoni hapa Mabatini, mafuta yamepoa, mapanki ya leo, mifupa yangu ya sangara, yamekwisha, naandika kwa kalamu yako ya akiba. Mambo ya kufua, kula na kutoazimisha ndala zako siyaandiki, maana hayo unayajua kuliko mimi.

Kesho stesheni nitakupa barua hii na kukuambia usiifungue mpaka treni ipite Shinyanga. Utanuna, utasema mama ana mambo ya kitoto. Nina sababu. Kuna jambo nimekuficha tangu juzi, na ningekwambia ukiwa bado hapa usingepanda hiyo treni. Nakufahamu. Ungekwenda Misungwi kwa miguu kugombana.

Jambo lenyewe ni hili: babu yako amepokea ng'ombe wa Kulwa, yule mgeni wetu wa Jumapili.

Unajua maana yake kwetu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa ukoo wa mama yake mpaka siku watu wa baba watakapoleta ng'ombe wa kumkomboa. Wakishaingia zizini, mtoto amehama. Na akiwa wa kike, basi waliomkomboa ndio watakaopokea mahari yake. Miaka yote uliyokuwa na kikohozi, upele na ada ya shule, zizi la babu yako halikuona hata ndama kutoka kwao. Umechaguliwa kwenda kidato cha tano, ng'ombe wamejua njia. Na mchumba wako wameshampata, mtu mzima kule Magu. Jumamosi wanakuja kukuchukua.

Usiinuke kwenye kiti. Uko ndani ya treni na inakwenda. Kaa usome, nikueleze mambo kama yalivyokuja.

Nilipopata kazi kiwandani Nyakato ulikuwa unanyonya bado, na mimi mwenyewe nilikuwa na umri kama wako wa sasa. Waliniweka idara ya kusokota, upande wa kukunja uzi kwenye koni. Pamba ile ile aliyokuwa akiilima babu yako Misungwi na kuninyima kanga mpya mpaka iuzwe, nikaikuta huko imekuwa uzi. Msimamizi wetu alituambia uzi wa koni moja ukinyooshwa unafika Misungwi kwetu. Nilidhani anatania washamba.

Sasa kwenye ile mashine kuna kidude kinachobana uzi unapopita. Ukikibana sana unakatika, na kila unapokatika unasimama kuunga. Mimi usiku silali kwa ajili yako, mchana naunga uzi, vidole vimechubuka. Nikaona nifanye akili: nikakilegeza. Uzi ukapita taratibu bila kukatika, koni zangu zikanenepa, zikapendeza. Nikajisifu moyoni. Siku ya pili wanawake wa idara ya kufuma wakaja wamebeba koni zangu mikononi, zimeporomoka zote, uzi umevurugika, hakuna mwanzo wala mwisho. Msimamizi akasema mbele ya wote, "Minza, umetuletea utumbo. Mchuzi uko wapi?" Walicheka mpaka mashine zikasahaulika.

Nilivyo mkaidi, kesho yake nikabana mpaka mwisho. Ukakatika kila dakika. Ndipo Mama Leticia, huyo huyo mama wa rafiki yako, akaja kunishika mkono na kuniambia, "Uzi unataka kushikwa, hautaki kunyongwa."

Nilidhani amenifundisha kazi. Kumbe alikuwa amenifundisha na kukulea, ila sikujua wakati ule. Wewe nilikulea kwa kubana na kulegeza, kubana na kulegeza, kutegemea nimechoka kiasi gani siku hiyo. Hilo unalijua, limepita mgongoni kwako.

Baadaye unakumbuka kilichotokea. Soko huria. Mitumba ikajaa mjini, kiwanda kikawa kinafanya kazi zamu moja, halafu nusu zamu, halafu wakatusimamisha uani na kutusomea majina ya wanaopunguzwa. Viwanda vya samaki vikafunguka, minofu ya sangara ikawa inapanda ndege, mifupa ikabaki kwetu. Nikanunua kikaango. Nikatoka kiwandani na koni mbili za uzi ndani ya kikapu, na sitamwomba mtu msamaha kwa hizo.

Hizo koni ndizo ulizozichukua ulipokuwa kidato cha tatu. Nilikuwa napepeta njugu mawe, wewe ukaja na koni, ukachota njugu zangu kiganjani, ukaniambia, "Mama, ngoja nikuonyeshe ulivyo ndani." Nikakwambia ndani nina njaa. Ukasema la, ndani zaidi.

Ukaniambia mwili wangu umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna uzi ambao ndani yake kumeandikwa kila kitu cha kunitengeneza mimi. Na uzi wa seli moja ukinyooshwa unapita urefu wa mlango wetu. Nikacheka. Nikasema mwongo, mlango mzima utaingiaje ndani ya kitu kidogo kuliko unga? Ukasema, "Wewe uliiingiza Misungwi ndani ya koni." Nikaweka ungo chini.

Ukaanza kuzungusha uzi kwenye njugu, karibu mara mbili kila njugu, halafu unaruka kidogo unazungusha nyingine, kama shanga. Njugu hizo, ukasema, ni vidonge vya protini vinavyoitwa histoni, na uzi pamoja na vidonge vyake unaitwa kromatini. Shanga nazo zinajikunja tena, zinajikunja tena. Njugu zikawa zinakuponyoka, nikakushikia. Tulikaa pale mpaka giza, na ulaji wa njugu ukaishia hapo.

Mimi swali langu lilikuwa la mtu wa kiwandani: kazi ya kukunja ni kutunza nafasi tu? Ukasema hapana. Kwanza inatosha mahali pake, kweli. Pili haukatiki ovyo wala hauvurugiki. Lakini kazi kubwa ni nyingine. Ukaniambia seli ya jicho langu ina uzi wote mzima, pamoja na maneno ya kutengeneza ini na mfupa, kama ilivyo seli ya ini. Mbona jicho halioti mfupa? Kwa sababu kila seli inafungua pale inapopahitaji, pakawa wazi pakasomeka, na pengine imepakunja kwa nguvu, pamekaza, hapasomeki. Na inafungua au kufunga kwa kusikiliza: iko wapi, jirani zake ni nani, mwili unaiambia nini. "Kwa hiyo kromatini ndiyo inayoamua nini kisomwe," ukasema, "uzi wenyewe umelala tu."

Nikauliza, kile kilichokunjwa kimefutwa? Ukasema, "Hakijafutwa, mama. Kimefungwa."

Hukujua ulichonifanyia. Nililala nikifikiria mambo mangapi ndani yangu nimeyakunja nikadhani yamekufa. Nilikuwa napenda hesabu, Kabula. Darasa la saba nilikuwa wa pili shule nzima. Sijawahi kukwambia kwa sababu halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Halafu lile la paka wa Mzee Ramadhani. Naliandika kwa sababu bado nacheka. Mzee Ramadhani, jirani yetu fundi, yuko mlangoni kwake na cherehani yake, paka wake wa rangi tatu amejificha chini ya meza ya kukatia nguo, anaonekana mkia tu, na wateja wanabishana huyo dume au jike, maana usiku alimpiga mbwa wa jirani. Mzee akasema dume, moyo kama ule hauwezi kuwa wa jike. Wewe ukapita na ndoo kichwani, ukasema bila kusimama, "Shikamoo mzee. Huyo jike."

"Marahaba. Umechungulia lini?"

"Sijachungulia. Nimeona rangi."

Akasema kama ni jike atakushonea sketi ya shule bure, na kama ni dume utamchotea maji mwezi mzima. Paka akavutwa kwa mkia, akawakwaruza wawili, akaonekana ni jike. Mzee akakutazama kama mtu aliyeona jini. Ukatua ndoo ukamweleza: rangi ya njano na rangi nyeusi za paka zimeandikwa kwenye uzi unaoitwa X. Dume ana X moja, basi hupata njano au nyeusi. Jike ana mbili, moja ya mama, moja ya baba. Lakini seli haitaki kusoma zote mbili, kwa hiyo mapema kabisa, paka akiwa bado tumboni, kila seli inachukua X moja inaikunja, inaikaza kabisa, inabaki kidonge kimya pembeni. Hapa imefungwa ya mama, pale imefungwa ya baba. Seli hizo zikizaana, zinazozaliwa zinafuata vile vile. Ndiyo maana ana mabaka. Ukamalizia kwa haki kwamba mara chache sana hutokea dume wa hivyo, ila ni wa kutafuta kwa tochi.

Mzee Ramadhani akasema, "Na wanawake je? Mke wangu naye ana mabaka?"

Ukasema wanawake wote, ila hayaonekani. Akasema, "Yake nayaona kila siku," na mkewe, mama Asha, akamrushia kitambaa kutoka ndani. Sketi utakayovaa Jumatatu ni ya dau hilo.

Sasa nifike kwenye lililonikaa kooni. Wewe ulipokuwa mdogo, kila ulipokosea nilikuwa na neno moja. Ukivunja kikombe, damu ya Doto hiyo. Ukichelewa kurudi, damu ya Doto hiyo. Ukicheka kwa sauti kubwa, damu ya Doto. Ulifika ukawa unalisema wewe kabla yangu, umeinamisha kichwa, "Damu ya Doto, mama." Nilifikiri nakulinda. Doto baba yako aliniacha na tumbo akakimbilia machimbo ya dhahabu, hajulikani yuko Geita au Kahama, na mimi niliogopa asije akatokeza kwako kama magugu kwenye pamba. Sikujua kwamba neno nililokuwa nakufundisha litakuja kunigongea mlango siku moja limevaa shati jeupe.

Ya Jumapili iliyopita uliyaona mwenyewe, lakini hukuona nilichoona mimi. Nilipofungua mlango nilimwona Doto. Sura ile, mwanya ule, hata namna ya kusimama ameegemea mguu mmoja. Mpaka alipofungua mdomo akasema "Hodi shemeji" ndipo nikajua ni Kulwa, pacha wake, wa boti za injini na saa ya dhahabu.

Nikamwambia ushemeji umeanza lini, kwa maana mara ya mwisho kuonana aliniita kahaba. Yule mzee aliyekuja naye akakohoa. Kulwa akatabasamu, akasema yaliyopita si ndwele. Mimi nikasema ndwele yangu ilikuwa na mimba ya miezi saba na alinifungia lango.

Niliwapa viti. Wewe ukatoka nyuma ukapiga magoti, ukawaamkia vizuri, nikafurahi, maana adabu yako si yao. Kulwa akakutazama muda mrefu. Akasema kichwa hiki ni cha kwao, akataja mababu wenye akili mpaka nikashangaa kwa nini ukoo wenye akili hivyo haujapata kusoma. Akasema amekuja kwa niaba ya pacha wake, na kwamba yeye na Doto hawana tofauti, tumbo moja, sura moja, damu moja, kwa hiyo wewe ni mtoto wake kabisa. Halafu akasema lile neno. "Damu haidanganyi, shemeji. Kila kilichomo ndani ya mtoto huyu ni cha kwetu."

Mwanangu, neno hilo ni langu. Nilikuwa nimelisema mimi mwenyewe miaka yote. Ningelikataaje?

Ukajibu wewe. Hukupaza sauti. Ulisema, "Baba mkubwa, kama mlitoka kwenye yai moja, mna uzi ule ule, hiyo ni kweli. Lakini yeye aliondoka na wewe ukabaki. Kama uzi ndio unaoamua, mngeondoka wote."

Yule mzee akageuka kumtazama Kulwa kama anayesubiri jibu kwa hamu.

Ukaendelea, "Na mimi nusu yangu ni ya Doto, sikatai. Nusu ni ya mama. Lakini haziko upande huu na huu kama shamba lililopimwa. Ziko pamoja kwenye kila seli. Hapa imefungwa ya kwenu, hapa imefungwa ya mama. Mimi ni kama paka wa Mzee Ramadhani. Ukitaka kuchukua cha kwenu utabidi unichune baka baka."

Kulwa akasema hajaja kusikiliza habari za paka. Akanyanyuka. Uliponishika bega walipoondoka, ulidhani nalia kwa hasira. Nililia kwa sababu umekubali nusu ya Doto mbele yangu bila kuinamisha kichwa, na mbingu haikuanguka. Nimekuwa nikiipiga vita nusu hiyo, kumbe ndiyo iliyosimama pale pamoja na ile yangu ikanitetea. Huko kucheka kwako kwa sauti kubwa, nenda nako. Siku moja ukikutana na baba yako, mwamkie. Usimdai wala usimbembeleze.

Wewe ulidhani yameisha Jumapili. Na mimi pia. Jumanne, ulipokuwa kwa mwalimu wako, mjomba wako Masanja alikuja na mfuko wa michembe, viazi vikavu, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za kila mtu mtaani mpaka nikajua kuna kitu. Ndipo akasema Kulwa alipotoka kwetu alikwenda moja kwa moja Misungwi kwa babu yako, na ng'ombe wakafuata, na mzee amewapokea, na mchumba ameshapatikana Magu.

Kwa hiyo juzi hiyo hiyo sikwenda mwaloni Kirumba kutafuta samaki. Nilikwenda kwa baba yangu.

Nilimkuta anapanga mawe kwenye ukuta wa zizi. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Ng'ombe niliwaona, wazuri, sitasema uongo, mmoja ana mimba. Nikamwambia awarudishe. Akaniita "mayu", mama, kama anavyoniita akitaka nipoe, akasema, "Ng'ombe hawatoki zizini kama mbuzi waliopotea njia. Sikumuuza mtoto. Nimepokea haki ambayo walichelewa kuileta. Unataka nivunje jina langu?"

Nikamwambia, "Baba, nilipopata mimba ulisema jina lako limevunjika, hutalipata tena. Leo limetoka wapi?"

Sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu. Aliendelea kupanga mawe. Lilianguka moja, akaliokota, akaliweka, likaanguka tena. Nikasema, "Ng'ombe na wakae, wale nyasi. Mtoto hatakuwepo."

Nikaanza kumpa mawe. Halafu akauliza huko unakokwenda utasoma nini. Nikajaribu kumweleza kama ulivyonieleza, uzi, njugu, kukunja na kukunjua. Sikueleza vizuri kama wewe, vidonge nilivisahau jina. Alisikiliza. Mwishoni akasema, "Nimelima pamba tangu mkoloni. Hakuna aliyeniambia kwamba ninayo na ndani."

Nilicheka, na yeye akacheka kidogo, na ng'ombe hakuwatoa. Sitaki ufikiri alibadilika. Ni mzee, ameishi kwa mila moja na atakufa nayo, na mimi sitamchukia kwa hilo. Lakini nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka kwenye uzio wa mikatani, akatazama upande mwingine kabisa, akasema, "Watakuja Jumamosi asubuhi. Mimi sijakuambia kitu."

Mpango wako ulikuwa kusafiri Jumapili pamoja na wenzako. Sasa unajua kwa nini jana nilikurupuka nikakwambia treni ya Jumapili imejaa na utapanda ya Ijumaa. Ukanilaumu kwamba nakufukuza. Nilikuwa nakufukuza.

Utafika kabla ya wengine, na utakuwa peke yako siku mbili, na najua utakavyokuwa: utakaa kimya, hutakula, utaniandikia kwamba umekuwa mjinga ghafla. Basi nikukumbushe ulichoniambia mwenyewe. Nilikuuliza seli ikigawanyika inakuwaje na uzi wote ule, si utavurugika kama utumbo wangu wa kiwandani? Ukasema hapo ndipo kromatini inapojikunja kuliko wakati wote, inakuwa vifurushi vifupi vinene, ili kila upande upate sehemu yake kamili bila kukatika. Na wakati huo karibu hakuna kinachosomeka. Kila kitu kimefungwa, kinahamishwa. Mpaka vifurushi vifike upande wa pili ndipo hulegea na kuanza kusomwa tena.

Kwa hiyo ukijiona umefungwa usiogope, uko njiani. Usijihukumu kwa wiki ya kwanza. Mimi nilijihukumu kwa wiki ya kwanza kiwandani, kwa mwaka wa kwanza wa kukuzaa, nikakaza kila kitu kikakaa hivyo hivyo miaka. Juzi tu, nikirudi kutoka Misungwi, nilisimama kwenye lile darasa la jioni pale kanisani nikauliza kama wanapokea watu wa umri wangu. Dada anayefundisha aliniuliza, "Kwani una miaka mingapi, mama?" Nikamwambia, akacheka, akasema njoo Jumatatu. Nitaanza na hesabu.

Lakini kuna wengine watakaotaka kukukunja huko, na hao ni tofauti. Kuna atakayekuambia wasichana hawawezi fizikia. Kuna atakayekuuliza baba yako nani, akisikia jibu atikise kichwa. Kuna mwalimu atakayekuambia wewe ni mtoto wa muuza mapanki, kasome ukunga basi. Ukunga ni kazi njema, kasome ukitaka. Lakini asikufunge mtu kwa niaba yako. Utafungua mwenyewe unachohitaji na kufunga usichohitaji, na utakosea, na utaunga palipokatika. Vidole vitachubuka, ndiyo.

Kulwa akikufuata mpaka shuleni, na anaweza, ana uwezo wa nauli, mwamkie kama baba mkubwa. Halafu mwite mwalimu mkuu, useme mbele yake kwamba mzazi wako ni Minza wa Mabatini na hajamruhusu mtu yeyote kukuchukua. Useme hivyo hata kama sauti itatetemeka. Yangu ilitetemeka.

Usishuke kituo chochote kurudi kunisaidia. Nimefikiri vizuri. Ukiwepo, watakuwa na kitu cha kuvuta, na mimi nitakuwa na kitu cha kuogopa. Usipokuwepo, ni wao na mimi tu, na mimi hakuna zizi linaloweza kunipokea tena. Mama Leticia amesema atakuja kukaa nami tangu alfajiri. Mzee Ramadhani amesema atatoa cherehani yake nje mapema ashone mbele ya mlango wetu, kazi yoyote, hata kama hana nguo ya kushona.

Sauti yako naisikia kwa mbali, unacheka na mtu kwenye kona. Nifupishe.

Jumamosi nitaamka, nitafagia uwanja, nitawasha jiko kama siku zote. Wakifika nitawakaribisha, maana sisi si watu wa kufunga lango. Nitawapa maji. Kama wana njaa nitawakaangia. Viti ninavyo, Kabula, na chakula ninacho. Mtoto wa kuwapa sina.

Anayekupenda na asiyerudi nyuma,
Minza, mama yako